Neno Nililolichomeka Mimi

Nianze na kosa lenyewe, kwa sababu maungamo yakitanguliwa na visingizio hugeuka utetezi. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja huku kwetu Rugera, wilayani Karagwe. Mwanafunzi wangu aliandika risala ya kuwakaribisha wageni. Nikafuta neno lake lililokuwa sahihi, nikachomeka langu. Risala ikasomwa hadharani, aibu ikatukuta, na Mkuu wa Shule alipouliza nani kaandika vile, nikamwacha yule binti abebe mzigo wangu. Neno nililolifuta ni "arrived". Nililolichomeka ni "turned up".

Anayekijua Kiingereza ameshaelewa. Asiyekijua atashangaa inakuwaje mtu aaibike kwa maneno mawili yanayosema jambo lile lile, kwamba mgeni amefika. Na mimi nilidhani hivyo hivyo, tena nikiwa na chaki mkononi na mshahara wa serikali mfukoni.

Jambo hili lina mzizi wake. Zamani nikiwa mwanafunzi, mwalimu wetu alitugawia karatasi ya kudurufu yenye vitenzi vya Kiingereza vinavyoandamana na vijineno: up, in, down, by. Vilikuwa vimepangwa kwa maana, na penye maana ya kufika palikuwa na mstari mmoja mrefu: arrive = get to = reach = turn up = show up = get in = pull in = touch down = check in = drop in. Niliukariri mstari ule kama sala. Nikaenda nao chuo cha ualimu, nikarudi nao kazini, na kila mwaka nikauandika ubaoni kidato cha tatu wanafunzi waunakili kwenye kaunta buku zao. Nilichokipenda zaidi ni ile alama ya sawasawa. Ilinipa somo lisiloulizwa maswali.

Matokeo yake yalikuwa kichekesho, ila mimi sikukiona. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba baba yake "touched down" shambani alfajiri. Mwingine akasema mwalimu wa zamu "pulled in" darasani. Wa tatu akaandika kwamba baada ya Vita vya Kagera amani "checked in" nchini. Wote niliwapa tiki. Baba wa watu alitua kwenye migomba na matairi yake, mwalimu wa zamu akaacha barabara na kuegesha kando ya ubao, na amani ikajiandikisha mapokezi ikapewa ufunguo wa chumba. Mwalimu anapita na kalamu nyekundu, anasema vema, vema, vema.

Nieleze kidogo darasa lenyewe, si kwa kujitetea. Mtoto wa huku nyumbani anazungumza Runyambo. Akianza shule ya msingi anakutana na Kiswahili, ambacho ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu 1967. Akiingia kidato cha kwanza, mambo yanageuka ghafla: bayolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, na enzi zangu hata historia ya Karagwe yake mwenyewe aliisoma kwa Kiingereza. Mtoto wa namna hiyo hana nafasi ya kulionja neno. Anataka orodha aikariri. Na mwalimu mwenye darasa lililofurika mpaka dirishani naye anataka orodha. Tukakutana hapo, tukaelewana vizuri sana.

Tena vijineno vile vina namna yake ya kutusumbua sisi. Kitenzi chetu tunakirefusha mkiani: fika, fikia, fikisha, fikishia. Sauti moja ya katikati inabadili habari yote. Aliyefika kwa shangazi yake huenda alisalimia akaondoka. Aliyefikia kwa shangazi yake begi lake liko uvunguni mwa kitanda huko na usiku atalala huko. Runyambo nayo ina mikia ya aina hiyo, na ni mirefu. Profesa Josephat Rugemalira aliiandikia tasnifu nzima katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1993. Mwingereza hana mkia. Yeye anakiacha kitenzi kilivyo, kisha anakipachikia kijineno nyuma, kimesimama peke yake. Wataalamu wao wenyewe walichelewa kuvipa jina vitenzi hivi. Jina wanalotumia leo, "phrasal verbs", lilienea kutokana na kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925. Masikio yetu hayajazoea kukisubiri kijineno hicho, ndiyo maana huku Afrika Mashariki wengi tunasema "pick me at the stage" na ile "up" tunaiacha njiani. Tunasema pia "I have reached" tukanyamaza, kwa kuwa "nimefika" inajitosheleza, ilhali Mwingereza bado amekodoa macho akisubiri aambiwe umefika wapi. Nimewahi kumchapa mtoto fimbo kwa "I have reached". Hilo nalo ni la kuungama, ila lina foleni yake.

Basi kwa kuwa vinatusumbua, tukaviheshimu kupita kiasi. Hapo ndipo hasa akili yangu ilipokwama. Nilidhani kilicho kigumu kwangu lazima kiwe cha heshima kwao. "Arrive" mtoto wa darasa la saba anaijua, kwa hiyo niliiona rahisi, ya kitoto. "Turn up" nimeitafuta kwa jasho, kwa hiyo niliiona ya wasomi. Ukweli ulikuwa kinyume. "Arrive" ililetwa na Kifaransa baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, na asili yake ya Kilatini ni chombo kugusa ukingo wa maji, kufika pwani. Neno hilo lilikuja na watawala, likabaki na adabu za watawala. Vijineno kama up, in na by ni vya Waingereza wenyewe tangu kale, na vitenzi vinavyoandamana navyo mara nyingi ni maneno ya jikoni na barazani, ambayo mtoto wao anayajua kabla hajaanza shule.

Na la kusikitisha ni kwamba jambo hilo hilo nilikuwa nalijua vizuri kwa Kiswahili. Redio ikitangaza habari, Rais "amewasili", neno lenye asili ya Kiarabu lililovaa suti. Gazeti la michezo likiandika, timu "yatinga" robo fainali. Kijiweni, jamaa "ametia timu". Mgeni nyumbani "ametia maguu". Mdeni aliyepotea mwaka mzima "ameibuka". Mjumbe wa nyumba kumi akinipa nafasi ya kumkaribisha Mkuu wa Wilaya, siwezi kusema tunafurahi kwamba umeibuka. Ningejiuma ulimi kabla. Lakini kwa Kiingereza nikasema hivyo hivyo, kwa kupitia mdomo wa mtoto wa watu.

Ilikuwa hivi. Shule ilipata wageni kutoka Uingereza waliokuwa wamechangia tangi la maji. Siku ya kulikabidhi, ilipangwa wanafunzi wasome risala kwa Kiingereza. Kazi ya kuiandika akapewa mwenyekiti wa klabu ya mdahalo, binti wa kidato cha tatu, mkimya, mwenye mwandiko wa kulala. Akaniletea rasimu. Sentensi yake ya kwanza ilisema "We thank God that you have arrived safely". Mtu wa huku kwetu akipokea mgeni wa mbali ndivyo anavyoanza, anamshukuru Mungu kwa safari. Mimi nikaona ni Kiingereza cha chini. Nikapiga mstari mwekundu, juu yake nikaandika "We are very happy that at last you have turned up". Nikajisomea, nikaridhika.

Kesho yake akaja ofisini kwa walimu na kamusi ya maktaba, kidole kimewekwa kwenye ukurasa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Samahani Mwalimu, ni ile risala. Hili neno hapa naona wameandika ni la mazungumzo ya kawaida. Na kwamba ni pale mtu anapofika bila kutarajiwa, au amechelewa."

Walimu wenzangu walikuwa wanakunywa chai. Niliwaona wametega sikio.

"Kamusi na mimi, nani anakufundisha?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Basi nenda kaandike nilivyoandika."

Wenzangu wakacheka. Binti akafunga kamusi, akapiga goti kidogo kama desturi, akaondoka. Sikuitazama kamusi ile hata kwa jicho la pembeni. Na kamusi za namna ile zimetungwa kwa ajili ya watu kama mimi. A. S. Hornby, mmoja wa walioanzisha kazi hiyo, alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani. Kamusi yake ilitoka kwanza Tokyo mwaka 1942, Oxford wakaichapa mwaka 1948. Aliwatungia wageni wa lugha, na wenzake waliomfuata wakazidi kutia alama pembeni: hili ni la ofisini, hili la mtaani, hili usimwambie mkubwa wako. Mimi mgeni wa lugha nilizisoma kamusi maisha yangu yote nikiruka alama zile.

Siku yenyewe wageni walitarajiwa saa nne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, gari lao likanasa kwenye tope, wakaja kufika saa nane mchana. Skauti walikuwa wamesimama mpaka magoti yamelegea. Wazazi wamejaa chini ya turubai, ndizi na maharage vimeshapoa jikoni. Binti akapanda na karatasi iliyochapwa steshenari Kayanga, akashika maiki, akasoma bila kukwama: "We are very happy that at last you have turned up."

Mgeni rasmi, mzee mwenye nywele nyeupe, alitabasamu akainama kidogo. Wenzake wakatazamana. Yangeishia hapo. Ila tulikuwa na mkalimani, kijana wa hapa hapa aliyesomea Uganda, Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu, naye akafanya kazi yake kwa uaminifu. Akageukia wazazi: "Wanafunzi wanasema, wamefurahi sana kwamba hatimaye mmejitokeza."

Turubai lote liliangua kicheko. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Na kweli, tulishakata tamaa!" Kicheko kikaongezeka. Wageni wakamuuliza mkalimani watu wanacheka nini, naye akalazimika kuwaeleza. Mgeni rasmi alipopewa nafasi ya kujibu, jambo la kwanza aliomba radhi kwa kuchelewa, na akalirudia neno lile lile, "turned up so late", kwa upole kabisa. Upole ule ulinichoma kuliko kicheko. Binti akamkabidhi risala kwa mikono miwili, akarudi kukaa.

Karagwe si nchi ya kufundishwa kupokea wageni. Novemba 1861 walipokuja wasafiri wa Kizungu Speke na Grant, mfalme wetu, Mukama Rumanyika, alituma mtu wake awapokee mpakani na kuwasindikiza, na mguu ulipomshinda Grant, Speke alitangulia Buganda mwenzake akabaki anatunzwa na wenyeji. Mwaka 1876 akaja msafiri mwingine, Stanley, naye akapokewa. Kabla yao wote wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wameshajenga kituo chao Kafuro. Nchi yenye historia hiyo ikawaambia wageni wake, kwa maandishi, kwamba afadhali hatimaye wamejitokeza. Aliyeyaandika maneno hayo ni mimi.

Jumatatu Mkuu akaniita.

"Ile risala ilipita kwako?"

"Ilipita, Mkuu."

"Na lile neno?"

Nikasema, "Nadhani binti alibadilisha alipokuwa ananakili kupeleka steshenari."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi, na kinachoniudhi zaidi ni ile "nadhani". Niliiweka ili nikibanwa niwe na mlango wa kutokea. Uongo kamili ungekuwa na ujasiri wake. Huu wangu ulikuwa wa mwoga. Nilipotoka ofisini kwake nilikwenda kwenye droo yangu. Rasimu ya binti ilikuwa pale, mstari wangu mwekundu juu ya maneno yake, mwandiko wangu usiofichika. Niliichana, vipande nikavitumbukiza chooni.

Asubuhi iliyofuata binti aliitwa mbele mstarini, akakaripiwa kwa kuitia shule aibu, akavuliwa uenyekiti wa klabu ya mdahalo. Nilikuwa nimesimama upande wa walimu. Angeweza kusema. Alinitazama mara moja, akatazama chini, hakusema. Mwanafunzi anajua neno lake lina uzito gani likiwekwa mkabala na la mwalimu. Mpaka anamaliza kidato cha nne daftari lake lilikuwa safi na majibu yake sahihi, ila swali darasani hakuuliza tena. Nami nilishukuru kwamba haulizi.

Somo langu nililibadilisha, kimyakimya, bila kumwambia mtu sababu. Alama ya sawasawa niliifuta. Nikawa nawaambia wanafunzi wafikirie stendi ya Omurushaka asubuhi. Basi la kutoka Bukoba likifika, wapiga debe wanasemaje? Gari limeingia. Hiyo ndiyo "get in", hutumika kwa basi, treni, na hata abiria aliyemo: tumeingia saa tatu. Likiacha barabara na kusogea mahali pa kuegesha, ni "pull in". Gari dogo likisimama mbele ya geti lako, ni "pull up". Ndege ikigusa uwanja wa Bukoba, ni "touch down", imetua, baba hatui. Mgeni akiandika jina gesti na kupewa ufunguo, ni "check in", na hapo Kiswahili kinasema amefikia. Jirani akipita kusalimia bila ahadi, ni "drop in" au "drop by", nimepita tu nikuone. Aliyefika kwa mbinde, baada ya tope na pancha, ni "make it".

Halafu zile zenye sumu. "Turn up" na "show up" zinataka sikio. Kwa kukanusha hazina ubaya: tulimsubiri fundi, hakutokea, "he didn't turn up", na hata barua ya ofisini inaweza kusema hivyo. Kwa rafiki pia hazina neno. Mtafutaji aliyepoteza ufunguo akauona chini ya godoro, "it turned up". Lakini ukimwambia mkubwa au mgeni uliyemwalika kwamba "you have turned up", umemwambia kwamba hukumtegemea, au kwamba amejivuta. Ukiongeza "at last", umemgombeza. "Roll in" ni mbaya zaidi, ni ya anayefika saa sita wakati kazi ilianza saa mbili, tena hana habari. "Barge in" ni kuvamia. Na kwenye risala, kwenye barua ya maombi ya kazi, kwenye taarifa ya mkutano, "arrive" yao ikae kama "wasili" yetu, na ikumbukwe inakwenda na "in" kwa mji na "at" kwa mahali kama shule au stendi, kamwe si "to". "Reach" haitaki kijineno chochote, inataka mahali tu.

Wanafunzi walilipenda somo lile. Mkaguzi mmoja alilisifu akaniuliza nimelipata wapi. Nikamwambia ni uzoefu.

Sasa nimestaafu. Mkuu wa wakati ule bado tunakutana kanisani na kwenye misiba, tunasalimiana vizuri, na kila mara nimekuwa na nafasi ya kumwambia nisimwambie. Namwambia hapa: mwanafunzi uliyemvua uenyekiti hakuhusika, nilikudanganya.

Na wewe uliyeisoma risala ile, kama ukurasa huu utakufikia popote ulipo: sentensi yako ya kwanza haikuwa na kosa hata moja. Ile nyingine niliandika mimi, na rasimu niliichana mimi.